Mwongozo kamili: kuandaa faili la jina na nembo kwa usajili wa SCA

Faili la usajili husomwa na watu wasiokujua. Hawajui bidii yako, hawajui kwa nini umempenda tembo kuliko simba, na hawatakupigia simu kuuliza ulimaanisha nini. Wanachokiona ni fomu, mchoro na ushahidi ulioambatisha. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandaa vitu hivyo vitatu ili visimame vyenyewe.

Society for Creative Anachronism, ambayo wote huiita SCA, ni jumuiya ya kuigiza maisha ya kabla ya mwaka 1600. Ilianzia Berkeley, California, mwaka 1966, na leo ina falme 20, yaani kanda zake za dunia. Kila mshiriki anaweza kujichagulia jina la enzi hizo na nembo ya kuchora kwenye ngao, bendera na nguo zake, kisha akavisajili visigongane na vya mwingine popote. Aliyeko Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au Dubai anaangukia ufalme wa Drachenwald, ambao eneo lake ni Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. Aliyeko Toronto atapeleka faili lake ufalme wa Ealdormere. Usajili huu ni wa ndani ya jumuiya tu, hauna nguvu ya kisheria nje yake, na si lazima uwe mwanachama aliyelipa ada ya mwaka ili usajili.

Faili linapitia mikono ya nani

Unaanza na heraldi wa kikundi chako, yaani ofisa anayeshughulikia majina na nembo, au heraldi wa ufalme kama huna kikundi karibu. Yeye hulipeleka kwa heraldi wa maombi wa ufalme. Likionekana liko sawa, huingizwa kwenye waraka unaoitwa Letter of Intent ndani ya mfumo wa mtandaoni wa OSCAR, ambako maheraldi wa falme zote huliandikia maoni. Uamuzi wa mwisho ni wa ofisi ya Laurel: ofisa mwenye cheo cha Pelican huamua majina, mwenye cheo cha Wreath huamua nembo. Matokeo hutoka kwenye barua ya kila mwezi, nayo hukubali, hurudisha au huahirisha. Tangu upeleke faili hadi upate jibu, tarajia miezi sita hadi tisa. Kosa la dakika tano kwenye fomu linaweza kukugharimu zaidi ya nusu mwaka, ndiyo maana tunasisitiza maandalizi.

Kanuni zinazotumika zinaitwa SENA, zilizoanza kutumika mwaka 2012. Mitandaoni bado kuna miongozo mingi iliyoandikwa kwa kanuni za kabla ya hapo. Ukikuta maelezo yanayotaja Rules for Submissions kana kwamba ndiyo sheria ya leo, yaweke kando, maana hesabu ya tofauti kati ya nembo na utaratibu wa majina vilibadilika.

Hatua ya kwanza: jina na ushahidi wake

Anza na jina. Nembo haisajiliwi bila jina lililokwisha kusajiliwa au lililopelekwa pamoja nayo.

Jina la mtu linahitaji angalau sehemu mbili: jina la kupewa na jina la pili, yaani la baba, la mahali, la kazi au la sifa. Kila sehemu lazima ithibitishwe kwamba ilitumiwa na watu halisi kabla ya 1600. Ushahidi wa kati ya 1600 na 1650 nao hupokelewa. Baada ya hapo unathibitisha kwamba sehemu hizo zinaweza kukaa pamoja. Kiambatisho C cha SENA kimepanga lugha katika makundi. Sehemu zote zikitoka kundi moja, zisiachane kwa zaidi ya miaka 500. Zikitoka makundi mawili yanayoruhusiwa kuchanganywa, zisiachane kwa zaidi ya miaka 300. Kiambatisho A kina majedwali ya mifumo ya majina ambayo si lazima uitetee tena: ukiona mfumo wako humo, taja jedwali hilo na uendelee.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, njia nyepesi ni majina ya Kiarabu. Sarafu za shaba za Kilwa zina majina ya masultani kama Ali ibn al-Hasan na al-Hasan ibn Sulayman, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaandika habari za mtawala wake. Majina hayo yalitumika vilevile kote katika ulimwengu wa Kiislamu, kwa hiyo ushahidi haukosekani. Ila angalia mambo matatu ambayo yamewarudisha wengi. Kwanza, mwanamke ni bint, si ibn: Maryam bint Sulayman. Pili, vitabu vya historia hufupisha ibn kuwa herufi b yenye nukta, lakini ufupisho wa mwandishi hausajiliwi, hivyo andika neno zima. Tatu, namna ya kuandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini iwe moja katika jina zima. Ukichukua Sulayman kutoka kitabu kimoja na Soliman kutoka kingine, jina moja linakuwa na tahajia mbili zinazopingana.

Kwa majina ya Ulaya, kumbukumbu za parokia zilizomo FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo, ni hazina kubwa, lakini si kila ingizo linakubalika. Tazama namba ya kundi la kumbukumbu. Zinazoanza na B, C, J, K, P na M hupokelewa, isipokuwa M17 na M18. Ingizo lisilo na namba ya kundi linaweza kuwa limeandikwa na mtu aliyekuwa akitengeneza ukoo wake mwenyewe, na tahajia yake haiaminiki. Nakili jina kama lilivyoandikwa, tarehe, aina ya tukio, mahali na namba ya kundi.

Kwa kila sehemu ya jina, ushahidi ulio kamili una: jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, toleo, mwaka wa kuchapishwa, ukurasa, tahajia kama ilivyo ndani ya chanzo, na mwaka ambao jina hilo lilitumika. Mwaka huo wa mwisho ndio unaosahaulika zaidi. Kusema jina limo katika kamusi fulani ya majina hakutoshi, kwa kuwa kamusi hizo hupanga chini ya kichwa cha kisasa tahajia nyingi za zamani, na kichwa chenyewe huenda hakikutumika hata siku moja kabla ya 1600. Chukua tahajia yenye tarehe, iliyo ndani ya ingizo.

Ambatisha kopi ya ukurasa wa jina la kitabu na ukurasa wenye ushahidi. Kuna orodha rasmi ya vyanzo ambavyo havihitaji kopi kwa kuwa ofisi ya Laurel inavyo, zikiwemo makala za tovuti yake na za maktaba ya Academy of Saint Gabriel. Hata hapo, anwani ya makala na nukuu ya mstari unaokuhusu ni lazima. Vitabu vya kuchagulia watoto majina havikubaliki kabisa. Wikipedia itumie kutafutia chanzo, kisha kataje chanzo chenyewe.

Jina lako la kisheria

Kuna mlango wa pili. Sehemu yoyote ya jina lako la kisheria inaweza kutumika bila ushahidi wa kihistoria, mradi ikae mahali pake pa asili: jina la kwanza libaki la kwanza, la ukoo libaki la ukoo. Mwenye jina la kwanza Mwanaidi katika kitambulisho anaweza kuliunganisha na jina la pili la Kiingereza au la Kiitaliano la karne ya 15, kwa sababu sehemu ya jina la kisheria huhesabiwa kuwa haina lugha wala zama. Sharti moja: jina zima lisiwe sawasawa na unaloitwa nje ya jumuiya. Ushahidi ni nakala ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Funika namba ya kitambulisho na anwani kabla ya kupiga picha, kisha andika kwenye fomu kwamba heraldi fulani ameona hati halisi. Kwa Waswahili wengi huu ndio mlango wa heshima zaidi, maana unaingia na jina ulilopewa nyumbani.

Visanduku vidogo vya fomu ya jina

Watu huvijaza kwa haraka, navyo huamua hatima ya jina. Kimoja huuliza kama unakataa mabadiliko makubwa, kingine kama unakataa madogo. Mabadiliko madogo ni ya herufi au alama juu ya herufi. Makubwa ni kama kuondoa sehemu ya jina au kubadili lugha yake. Ukikataa yote mawili, kosa la herufi moja litarudisha jina zima, hata kama Pelican angeweza kulirekebisha pale pale. Ushauri wetu ni kuruhusu madogo daima, na kuyakataa makubwa pale tu unapoipenda kila sehemu ya jina kiasi cha kuwa tayari kusubiri tena.

Sehemu nyingine huuliza unachojali zaidi endapo jina litabidi kubadilishwa: sauti, maana, tahajia au lugha. Chagua kimoja na ueleze kwa maneno machache. Kisha kuna ombi la jina halisi la wakati na mahali fulani. Liache wazi, isipokuwa unataka kwa dhati jina lirekebishwe hadi lifanane na la mtu wa Florence wa karne ya 14, kwa mfano. Wengi hulijaza wakidhani ni mapambo ya fomu, halafu wanashangaa jina kurudi limebadilika.

Mwisho kuna kisanduku kinachokataza jina la muda. Jina lako likirudishwa na nembo ikafaulu, Laurel anaweza kuisajili nembo hiyo chini ya jina la muda ili nafasi yako isipotee. Kiache wazi. Huna hasara yoyote, na jina la muda huondoka ukisajili jipya.

Hatua ya pili: kubuni nembo

Rangi zimegawanyika makundi mawili. Metali ni njano, iitwayo Or, na nyeupe, iitwayo argent. Rangi nzito ni bluu azure, nyekundu gules, nyeusi sable, kijani vert na zambarau purpure. Kuna pia manyoya, ermine na vair. Kanuni mama: metali isikae juu ya metali, wala rangi nzito juu ya rangi nzito. Ngao ilitengenezwa ionekane vitani kwa mbali, na simba mwekundu kwenye uwanja mweusi, yaani eneo la nyuma la ngao, haonekani hata hatua 20.

Hesabu ugumu wa mchoro: jumlisha idadi ya rangi na idadi ya aina za alama. Ikifika nane uko mpakani, ikizidi utalazimika kuleta ushahidi kwamba michoro ya namna hiyo ilikuwapo. Usiweke aina zaidi ya mbili za alama katika kundi moja. Upanga, ua na nyota vyenye ukubwa sawa pamoja katikati ya ngao vitarudishwa bila mjadala. Wala usiweke pamoja vitu viwili vinavyokaribia kufanana, kama upanga na jambia, kwa kuwa atazamaye hajui kama ni viwili tofauti au kimoja kilichochorwa vibaya.

Alama ambazo hazikutumika katika nembo za kale huhesabiwa kuwa hatua nje ya desturi. Hatua moja huvumiliwa, mbili hurudisha nembo. Nyayo za mnyama ni hatua moja. Tembo si tatizo hata kidogo, anaonekana katika nembo za Ulaya tangu zama za kati.

Zipo alama zilizofungwa. Taji la majani ya laurel ni la vikundi peke yao. Mnyororo uliofungwa kuwa duara ni wa mashujaa wa daraja la knight, na mwari anayejidonoa kifua kulisha makinda ni wa Order of the Pelican, daraja la heshima la jumuiya, si yule ofisa wa majina. Swastika imekatazwa kabisa. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe na hilali nyekundu juu ya nyeupe haviruhusiwi kwa sababu ya Mikataba ya Geneva. Apendaye hilali, na wapo wengi pwani, achague rangi nyingine.

Tuchukue mfano mmoja wa kueleza fomu. Uwanja wa bluu, tembo mweupe amesimama, na juu ukanda mweupe wenye hilali tatu za bluu. Maelezo yake ya kitaalamu, yaani blazoni, ni: Azure, an elephant statant and on a chief argent three crescents azure. Mpangilio ni ule ule daima: uwanja kwanza, alama kuu, kisha vilivyo pembeni, kisha vilivyo juu ya hivyo vya pembeni. Rangi mbili na aina tatu za alama, jumla tano, bado iko mbali na nane.

Hapo kwenye hilali ndipo watu wetu hujikwaa. Katika elimu ya nembo, crescent peke yake ina pembe zinazotazama juu. Ukiichora kama mwezi wa msikitini ulioinama upande, umechora kitu chenye jina jingine: pembe zikielekea kuume ni increscent, zikielekea kushoto ni decrescent. Na kuume ni kuume kwa aliyeshika ngao, kwa hiyo kwako unayeitazama ni mkono wako wa kushoto. Mnyama pia, bila maelezo mengine, hutazama upande huo.

Hatua ya tatu: kutafuta mgongano

Nembo yote iliyosajiliwa imo katika kanzidata ya Ordinary and Armorial, inayotunzwa na Morsulus Herald. Fungua utafutaji wa kina, ingiza sifa moja moja za nembo yako, na upange matokeo kwa idadi ya sifa zinazolingana. Usitafute blazoni nzima, hutapata kitu na utadhani uko salama.

Nembo mbili hazigongani kama kuna badiliko kubwa katika alama kuu, au tofauti mbili bayana, ambazo maheraldi huziandika DC. Turudi kwa tembo wetu. Akilinganishwa na nembo ya simba mweupe yenye kila kitu kingine vilevile, yuko salama: aina ya alama kuu imebadilika kabisa. Akilinganishwa na tembo mweupe peke yake kwenye uwanja wa bluu, ana tofauti mbili, moja ya kuongeza ukanda na moja ya kuongeza hilali. Lakini akikutana na nembo ile ile yenye uwanja wa kijani, ana tofauti moja tu ya rangi ya uwanja, na hapo anagongana. Kubadili msimamo wa mkonga au kumwongezea pembe ndefu hakuhesabiwi.

Ukigongana na mtu mmoja, si lazima ubomoe mchoro. Mwombe barua ya ruhusa. Iwe na jina lake la kisheria na la jumuiya, jina lako, nembo zote mbili, maneno ya wazi ya kuruhusu, sahihi na tarehe. Tumia utafutaji huo huo kwa jina pia.

Hatua ya nne: mchoro wa fomu

Kinachosajiliwa ni mchoro. Blazoni ni maelezo tu, na Wreath huiandika upya akiona inafaa. Kwa hiyo mchoro hafifu hauokolewi na maneno mazuri.

Unahitaji picha mbili zinazolingana kwa kila mstari: moja ya rangi, moja ya mistari myeusi bila kivuli. Tumia fomu ya ufalme wako yenye umbo la ngao lililochapwa tayari, usibadili ukubwa wake. Alama kuu ijaze nafasi. Tembo mdogo katikati ya bahari ya bluu ni sababu tosha ya kurudishwa. Ukanda wa juu uwe kati ya robo na theluthi ya urefu wa ngao, usije ukaonekana utepe. Hilali tatu zijaze ukanda, kila moja itambulike mtu akiwa ng'ambo ya chumba.

Ukipaka kwa mkono, tumia kalamu za wino wa maji zilizokolea. Penseli za rangi hufifia kwenye skana, na nyeupe na njano hazitofautiani tena. Njano isielekee machungwa. Zambarau ndiyo yenye matatizo zaidi: ikielekea bluu, maheraldi wawili wataisoma tofauti na nembo itarudishwa kwa rangi isiyotambulika. Kwenye kompyuta, weka rangi bapa, bila kivuli wala mng'ao. Picha ya kunakili uwe na haki ya kuitumia. Traceable Heraldic Art ina maelfu ya alama zilizoandaliwa kwa kazi hii hasa.

Kama ni faili la kikundi

Kikundi huongeza mambo matatu. Jina liwe la mahali, lenye ushahidi au lililojengwa kwa mifumo ya zamani ya majina ya mahali, likitanguliwa na daraja kama Shire au Canton. Nembo iwe na taji la laurel, tena kubwa la kutambulika, kwa hiyo buni mchoro ukilihesabu tangu mwanzo badala ya kulibandika mwishoni. Na kuwe na waraka wa kuungwa mkono, uliosainiwa ama na wengi wa washiriki, ama na seneschal, yaani kiongozi wa kikundi, pamoja na robo tatu ya maofisa wengine. Waraka huo lazima ubebe jina lenyewe kwa tahajia inayoombwa, na picha au blazoni ya nembo. Sahihi zilizokusanywa kabla ya mchoro kubadilishwa hazifai tena, kusanya upya. Bila jina na nembo iliyosajiliwa, kikundi hakipewi hadhi kamili.

Kabla ya kutuma, na baada ya jibu

Soma fomu kwa sauti pamoja na mtu mwingine. Jina kwenye fomu ya nembo lilingane herufi kwa herufi na la fomu ya jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe ziwepo, ada ya ufalme iwe imelipwa kwa kila kipengele. Hifadhi nakala ya kila ukurasa. Maoni yakianza kuandikwa, heraldi wako anaweza kuongeza ushahidi ulioachwa, kwa hiyo barua pepe yake ijibiwe siku ile ile.

Jibu likija la kurudishwa, soma sababu zote mpaka mwisho, kwani mara nyingi Wreath au Pelican hutaja na kasoro ndogo ambayo haikurudisha safari hii lakini itaonekana tena. Falme nyingi hazitozi ada ya pili ukirekebisha ndani ya mwaka mmoja. Rufaa ipeleke tu kama una ushahidi mpya au unaonyesha kanuni iliyotumika vibaya. Jibu likija la kukubaliwa, fungua kanzidata baada ya wiki chache ukague tahajia ya jina na blazoni yako. Kosa la uchapaji hurekebishwa bure kwa barua kwenda kwa Laurel kupitia heraldi wa ufalme.